Honi ya Mti

Lori lilifika uani kwangu siku niliyokuwa nimeanika mihogo, na mihogo ile hatukuila. Basile aliliingiza kinyumenyume kupitia pengo la ua, akaangusha nguzo moja, akazima injini, kisha akashuka na uso wa bwana harusi. Mimi nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi. Lilikuwa lori la jeshi, kubwa kuliko nyumba yetu, na turubai lake lilikuwa limetoboka hata ukiwa ndani unaona mawingu. Nikamwuliza kama vita vimerudi.

"Hapana, Honorine," akasema. "Hii iko ya sisi. Ya kutembea nayo."

Huyo ni mtu aliyekwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na ambaye ukoo wake wote, tangu babu wa babu, ni watu wa kasia. Nikampa vidonge vyake palepale, majirani wakisikia. Nilimwuliza lori litalala kitandani au sisi tulale ndani ya lori, na mihogo yangu iliyo chini ya gurudumu nani ataikamua mafuta. Alijifanya hamnazo. Alizunguka akipapasa matope ya zamani kwenye bodi, akafungua mlango, akanusa kiti, akafunga mlango, akatabasamu peke yake.

Tulikuwa tunakaa Mangobo, hapa Kisangani, mji ambao kwenye karatasi za Wabelgiji uliitwa Stanleyville. Basile alikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya mashua. Wakati wa vita alikuwa dereva wa jeshi, akaendesha malori ya namna ile mpaka nchi za mchanga huko kaskazini, akarudi mzima. Kwa hiyo jeshi lilipotangaza kuuza magari yake yaliyochoka, alikwenda kuangalia tu. Nawajua wanaume wanaokwenda kuangalia tu.

Jioni, wakati ninaokota mihogo iliyosalimika, alikuja akachuchumaa kando yangu akaanza kuokota naye. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Iko ya kumuleta maman."

Hapo nikanyamaza, na lazima nieleze kwa nini.

Mimi ni mtu wa Maniema, mzaliwa wa Kasongo, mbali huko mto unakotokea. Nilikuja Kisangani na kaka yangu mwashi, nikawa nakaanga mikate karibu na bandari, na Basile akawa mteja ambaye shibe yake haikuonekana hata siku moja. Tulifunga ndoa kanisani. Ndugu zake wa mtoni walikuja, wakala, wakacheza mpaka viatu vikaisha. Mama yake hakuja. Mama Anne alikaa Yambelo, kijiji kilicho njiani kuelekea Isangi, na msimu uleule aliteleza ukingoni akavunjika nyonga. Tangu hapo hakuweza kukaa ndani ya mtumbwi, na meli kubwa hazisimami Yambelo.

Mngesema, basi mimi nipelekwe kwake. Basile alilisema hilo pia. Jibu lililetwa na wauza samaki, nao walilikariri neno kwa neno: "Muke anajulikana ku jiko yake. Musimulete hapa kama mukeka ya kuuzisha. Nitamujua siku nitakula kwake." Alikuwa mama mwenye kiburi, na mimi nilimpenda kwa kiburi hicho kabla sijamwona, maana hata mimi ninacho.

Lakini kiburi chake kiliniacha mlangoni. Kwa watu wa Basile mimi sikuwa na jina. Sokoni wanawake wa samaki walinichagulia samaki wazuri, wakacheka na mimi, kisha wakaniita mupaya, yaani mgeni. Palipokuwa na matanga kwao, niliketishwa na majirani, si pamoja na wake wa ukoo. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya, ila iliniuma. Nilimpenda mume wangu na nilitaka kuwa mke wake mbele ya watu wake, si mbele ya padri tu.

Basi Basile aliposema vile hasira ilinishuka yote. Sikumwonyesha, kwa sababu mihogo nayo ilikuwa na haki yake.

Kununua lori la jeshi ni rahisi kuliko kulifanya liache kuwa la jeshi. Ofisi ya magari ilitaka taa, ilitaka breki, ilitaka gari la raia lisifanane na gari la askari, na ilitaka honi. Rangi tuliipata karakana, masalio ya ile ya kupaka mashua, ya buluu. Tulipaka watu watatu: Basile, mimi, na Tonton Camille.

Tonton Camille alikuwa mdogo wa baba yake Basile, mchonga mitumbwi, mjane, aliyekaa kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yetu na kulalamika kuhusu kila kitu isipokuwa chakula changu. Zaidi ya mitumbwi alichonga lokole. Asiyeijua asidhani ni ngoma ya kuchezea. Ni gogo lililochimbwa tumbo kupitia ufa mwembamba, lina midomo miwili, mmoja sauti ya chini na mmoja ya juu, na watu wa mtoni huongea nalo. Hutoa habari za kifo, huita mkutano, huita mtu kwa jina lake, na mwenye jina husikia hata akiwa katikati ya maji mbali kabisa. Kila mtu wao ana jina la lokole, nalo si fupi. La Basile lilikuwa Kasia lisilovunjika, mwana wa mvuvi wa maji makubwa.

Sasa hiyo honi. Kitufe kilikuwepo kwenye usukani, lakini honi yenyewe askari fulani alikwisha kuing'oa. Basile aliisoma karatasi ya ofisi kwa sauti pale uani: gari liwe na chombo cha sauti cha kuwaonya watu walio barabarani. Tonton Camille aliweka brashi chini. Aliomba asomewe tena. Kisha alicheka kwa raha, akasema kumbe wazungu nao wana akili, walichelewa tu kusema. Kama ni chombo cha sauti cha kuwaonya watu, basi watu wa mtoni walikuwa nacho kabla barabara hazijazaliwa.

Mimi wa Kasongo nilikuwa na shaka, lakini nani angemwuliza mupaya? Walifunga lokole kwa waya nyuma ya kichwa cha lori, wakaweka na kigoda cha mpigaji. Wakaenda kukaguliwa, na mimi nikapanda ili nisikose.

Mkaguzi alikuwa mzungu kijana. Alipiga magurudumu teke, aliwasha taa, akainama chini akasimama na rangi ya buluu puani. Mwisho akasema honi. Basile aligonga paa la lori, na Tonton Camille akaanza kupiga. Akapiga. Akaendelea kupiga. Lokole haisemi "toka". Lokole inasema: ninyi mnaotembea kwa miguu miwili juu ya ardhi, ondokeni njiani, kitu cha chuma kisicho na macho kinakuja, ondokeni njiani. Na husema mara mbili, ili asiwepo wa kukosea.

Mkaguzi alisubiri kwa adabu mpaka mwisho, akaomba kutafsiriwa. Basile akatafsiri yote. Kisha mzungu akauliza kuku aliye barabarani anakuwa amekufa wakati wa neno gani.

Basile hakujua kusema uongo. Alifikiri kwanza. "Ku mwanzo-mwanzo, Monsieur."

Mkaguzi alicheka mpaka akavua kofia, lakini alikataa. Honi ipigwe na mtu huyohuyo anayeshika usukani, na iseme lake mara moja. Tonton Camille aliudhika vibaya. Siku hiyo hata chakula changu alikilalamikia, akasema mtu asiye na wakati wa kumaliza sentensi hafai kupewa magari. Basile akaenda kuchukua honi ya mashua iliyokufa, yenye puto la mpira la kuminya, ikalia mbuzi mtupu, na ofisi ikaridhika. Tulipewa namba, tukaipigilia mbele na nyuma. Lokole hakuna aliyekumbuka kuifungua. Au niseme, hakuna aliyethubutu.

Ikabaki bima. Basile alinichukua tuongozane, akasema mtu mwenye mke mwenye kitenge kizuri huaminiwa. Karani wa bima aliitwa Urbain, kijana wa tai, mzaliwa wa Isangi, mpole, mwenye desturi ya kutazama mlango wa mkubwa wake kabla ya kila jibu. Alisoma karatasi za lori akakuta Basile ameandikisha matumizi binafsi. Akatabasamu kidogo.

"Camion hii itabeba nini?"

"Maman yangu."

"Na kisha?"

"Kisha itamurudisha."

Urbain aliweka kalamu chini. Alitueleza taratibu, kama anayezungumza na wagonjwa, kwamba mwenye lori kubwa namna ile hubeba mchele, mawese, na abiria wa nauli, na bima ya biashara ni nyingine kabisa. Binafsi maana yake ni mwenyewe na familia yake, bila malipo. Siku ambayo abiria mmoja amelipa, bima imekufa, na ajali ikitokea kila mtu atabeba mzigo wake. Aliuliza familia yetu ni watu wangapi. Basile aliuliza wahesabiwe kuanzia wapi.

Mtu wa kutoka mbali angecheka. Urbain hakucheka, kwa sababu kule kwao Isangi naye angeuliza vilevile. Alitazama mlango wa mkubwa, akapumua, akaandika. "Bon. Tunasema famille, basi. Lakini mutu akilipa hata ndizi moja, mimi sikujui wewe."

Tuliondoka watu watatu asubuhi na kivuko cha kwanza, Tonton Camille juu kwenye kigoda chake, tukashuka Lubunga ng'ambo ya mto, tukashika njia ya Isangi. Nyumbani nilikuwa nimeacha kuku wawili wamechinjwa na kuungwa, na jirani yangu Berthe amekabidhiwa moto. Nilivaa kitenge kipya. Mpango ulikuwa wazi: Mama Anne alikataa niletwe kwake, kwa hiyo Yambelo sitakanyaga chini. Nitakaa ndani ya lori mpaka aletwe, kisha nimshike njiani ili nyonga isimuumize. Niliapa hivyo mbele ya Basile, naye alinijua, akaniapisha tena.

Njia nzima aliimba. Alinitajia kila sauti ya ile injini: hii ni gia ya pili, hii ni ya tatu, hii ni afya tu. Alisema huko kwenye mchanga walipokata tamaa, sauti ile ndiyo iliyowarudisha nyumbani. Nilimtazama akiongea na nikafurahi kwamba niliolewa na mjinga yule na si mwingine.

Yambelo ilikuwa tupu.

Hapakuwa na mtu barabarani, hapakuwa na mtu vibarazani. Nyavu zilitupwa zikiwa nusu zimeshonwa. Kuku walikuwepo, mbuzi walikuwepo, na mbele ya kila nyumba moto ulikuwa unawaka chini ya sufuria. Basile alizima injini akaruka chini, akapotea kati ya nyumba kwenda kwa mama yake, akarudi, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. Alianza kuita. Aliita mama, alitaja jina lake mwenyewe, alitaja na majina ya shangazi zake, na kila alivyoita kijiji kilizidi kukaa kimya. Uso wake sijawahi kuuona vile, kabla wala baada. Alidhani ni kifo, aina fulani ya kifo ambayo humaliza watu na kuacha moto.

Tonton Camille ndiye aliyeelewa. Aliteremka polepole, akamshika bega.

"Nyamaza, mutoto. Wamesikia injini."

Akamweleza, na mimi nikasikia kutoka juu. Miaka ya vita, wakati Basile yuko mbali, lori lenye sauti hiihii lilikuja Yambelo na vijiji vyote vya barabara ile. Lilileta askari wa kuwakusanya watu waende porini kukata mpira wa vita, ule utomvu wa kutengeneza magurudumu. Wengine walirudi na vidonda, wengine hawakurudi. Na kwanza kabisa askari walimtanguliza mtu anayejua majina, awaite watu watoke, hivi kama Basile alivyokuwa akiita.

"Rangi tulibadilisha," Tonton alisema. "Sauti, hapana. Na sisi watu ya mayi, tunasikiaka mbele ya kuona."

Basile aliketi kwenye ngazi ya lori. Ile sauti aliyoipenda njia nzima ilikuwa imemfukuza mama yake nyumbani, hivyohivyo na nyonga yake iliyovunjika. Nilitaka kumshika mkono, lakini hapo ndipo pua yangu iliponisaliti. Nilisikia harufu ya sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, inayoanza kuungua.

Nilivumilia. Mungu anajua nilivumilia. Nilikuwa nimeapa, tena mara mbili. Lakini sombe ile mtu aliitwanga tangu asubuhi, na mawese yake, na samaki wake, na sasa inageuka mkaa kwa sababu ya lori letu. Nikashuka.

Nilikwenda nyumba ya kwanza, nikavuta kuni, nikatia maji, nikakoroga kutoka chini. Nyumba ya pili ilikuwa na maharagwe yaliyokauka kabisa. Ya tatu makemba, ndizi za kupika. Nilikwenda hivyo moto kwa moto na mwiko wa mtu nisiyemjua, jasho likinitoka, kitenge kipya kikila masizi. Kwenye nyumba moja ya ukingoni palikuwa na chungu cha samaki, mzuri sana, lakini nilipoonja kilikuwa kimepooza. Mkono ukatafuta chumvi wenyewe, nikatia. Ni mazoea ya mkaanga mikate, huonja kila kitu. Lakini vyungu vilikuwa vingi na mimi mmoja, na kutoka upande wa pili sufuria nyingine ilianza kunuka.

"Tonton," niliita, "wewe uko na lokole. Waambie watu sufuria zao zinaungua."

Wanaume wale wawili walinitazama. Kisha Tonton Camille akapanda kwenye kigoda chake haraka kama kijana, akashika fimbo zake mbili. Alipiga jina la Basile lote. Alipiga kwamba Kasia lisilovunjika amekuja kumchukua mama yake, hana askari, hana bunduki. Halafu akapiga hilo langu: rudini, sufuria zenu zinaungua, rudini, sufuria zenu zinaungua.

Alipomaliza, aligeuza sikio mtoni. Kisha kutoka kwenye matete ya ukingoni ikaja sauti ya mwanamke mzee. Haikuwa na maneno, ilipanda na kushuka, kwa sababu watu wale wasipokuwa na lokole huweza kuiga milio yake kwa mdomo. Tonton Camille alisikiliza na fimbo hewani. Machozi yakamtoka naye anacheka.

"Njo yeye. Anauliza, sufuria ya nani?"

Basile alikimbilia majini na viatu vyake. Watu walianza kutoka, kwanza wanaume, kutoka porini na kutoka kwenye matete, wakitazama lori la buluu kwa mbali. Na Basile akarudi amembeba mama yake. Huyo mama aliyekataa mtumbwi miaka yote kwa sababu ya nyonga, hofu ilimlaza ndani ya mtumbwi siku ile, chini ya mkeka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alimshika mwanawe shingo kwa mikono miwili, na alikuwa anamgombeza.

Nami nilikuwa nimesimama katikati ya kijiji nilichoapa kutokanyaga, na mwiko wa watu, na masizi mpaka kwenye paji la uso.

Alinitazama lakini hakunisalimu. Alimwamuru Basile amshushe mbele ya jiko lake, na nilipoona ni jiko gani nikaficha mwiko nyuma yangu: ile nyumba ya ukingoni, kile chungu cha samaki. Alifunua, akachota, akaonja. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama.

"Umetia munyu."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ilikuwa kidogo."

Alionja tena. "Myaka mingi iko kidogo. Hakuna mutu alisubutu kuniambia."

Akasogeza mkeka kwa mkono, akaniambia niketi, tukala kutoka sahani moja mpaka tukaona chini yake. Wakati tunakula alieleza, kwa wote wasikie, kwa nini aliamini lokole ile. Askari walijua majina, walijua nyumba, walijua hata lugha. "Lakini askari hajasemaka hata siku moja kama sufuria inaungua."

Kupanda lori alikubali kwa sharti moja. Hatapita kijiji cha mtu akimtisha jinsi alivyotishwa yeye. Lokole itangulie kusema kabla ya kila kijiji, kutoka hapa mpaka mjini, kwamba hili si lile. Tonton Camille aliposikia hivyo alikaa kwenye kigoda chake kama waziri. Sentensi zake zote sasa zilikuwa na wakati wa kutosha, maana Basile alienda polepole kwa ajili ya nyonga, na kuku wote wa barabara ile waliishi.

Bila shaka hatukuondoka peke yetu. Shangazi alitaka kumsindikiza dada yake, binamu alikuwa na mgonjwa mjini, mwingine hakuwa na sababu yoyote ila hajawahi kupanda. Wote ni familia, ukihesabu kuanzia pale Basile anapohesabia. Bibi mmoja alileta mkungu wa ndizi wa kumshukuru dereva, na Basile akashtuka mpaka akarudi nyuma. Alikataa hata moja. Ilibidi wazile wenyewe, zote, wakiwa chini, kabla hajawasha injini. Hawakumwelewa, lakini walishiba.

Tonton alipokuwa tayari kupiga, aliuliza kutoka juu aseme nini juu yangu. Mama amebebwa na mwanawe, sawa, jina lipo. Na huyu anayemshika? Hana jina.

Mama Anne alikuwa ameegemea kifuani kwangu, mguu wake juu ya mto wa kulalia niliouleta. Alifikiri hata Basile akazima injini tena. Kisha akasema kwa lugha yao, na Tonton akalirudia kwa fimbo, mara mbili. Nilimwuliza Basile ni nini. Akanitafsiria.

"Mwanamuke ya mutoni juu, asiyeacha sufuria ya mwenzake iungue."

Nililisikia jina hilo njia nzima. Kabla ya kila kijiji lilikwenda mbele yetu, na tulipofika watu walikuwa wamesimama kando ya barabara, hawakukimbia, wengine wakipunga mkono, wananitafuta kwa macho ni yupi. Mwanzo nilisikia mlio tu. Tulipofika Lubunga nilikuwa nimeshaujua, pale unapopanda na pale unaposhuka.

Kivuko kilikuwa ng'ambo ya pili na jua lilikuwa limelala juu ya maji. Tonton alipiga kuwajulisha watu wa mjini: nani amekuja, amebebwa na nani, ameshikwa na nani. Tukasubiri. Na kutoka ukingo wa Kisangani, mahali wanawake wa samaki wanaposhusha mizigo, lokole nyingine ikajibu. Ilipita juu ya mto wote ule mpana. Haikuwa na jina la Basile. Ilikuwa na langu peke yake, zima, mpaka mwisho, kutoka kwa watu waliokuwa wakiniita mupaya.

Nililia pale juu ya lori mbele ya familia yote. Mama Anne aliniacha kidogo, kisha akachukua ncha ya kitenge changu chenye masizi, akanifuta uso.

"Basi. Tunafika kwako," akasema, "na mimi niko na njala."